Wanyama Kumi na Wanne Mikononi mwa Fahmo

Hamdia alikuwa na kasoro moja ambayo majirani waliichukulia kuwa ni tabia njema: hasemi. Ukikutana naye njiani ukamsalimu ataijibu salamu yako, tena kwa moyo mkunjufu, lakini sauti itaishia kwenye ukingo wa mtandio kabla haijakufikia. Dukani hununua kile kilichopangwa mbele, asije akalazimika kuulizia kilicho nyuma. Alisomea ualimu wa sayansi katika chuo kimoja kule Meru, akafaulu vizuri sana kila kilichoandikwa na kwa kubahatisha kila kilichosemwa, kisha akarudi nyumbani Isiolo kungoja ajira. Huko kungoja ndiko kulikomfanya awe mpaka hina. Kazi yenyewe ilimfaa kana kwamba aliitunga yeye. Unainama, koni iko mkononi, na anayeongea ni mwenye kupakwa.

Na alikuwa fundi. Hilo hata wapaka hina wengine wa Bulapesa walilikubali, ingawa kwa kununa. Mstari wake ulikuwa mwembamba kama unywele na haukutetemeka, kwa sababu woga wote wa Hamdia ulikaa kooni na haukuwahi kushuka mikononi.

Kwa hiyo Fahmo, rafiki yake tangu siku za madrasa, alipoposwa na Ridwan wa malori ya Merti, hakuna aliyeuliza nani atampaka. Fahmo mwenyewe alitoa sharti moja tu.

"Sitaki yale maua ya kila mtu," alisema. "Binamu yangu alipakwa Eastleigh, na mpaka leo hatujapumzika na majigambo yake. Nataka kitu hakuna bibi harusi amewahi kuvaa hapa Isiolo. Hapa Kenya. Umeskia, abaayo, dada yangu?"

Hamdia aliitika kwa kichwa. Kitu ambacho hakuna bibi harusi amewahi kukivaa alikuwa nacho kimoja, na alikuwa nacho kwa miaka miwili bila kumwambia mtu.

Alikipata chuoni, katika kipindi kinachotangulia chakula cha mchana, wakati nusu ya darasa ilikuwa imelala na nusu nyingine inanusa maharagwe. Mwalimu Njeru aliwaonyesha ukutani picha ya jiwe lenye alama ya jani. Akauliza ni nini. Wote wakasema jani. Akasema, "Hapana, ni mnyama," na darasa likaamka kwa kicheko. Hamdia hakucheka. Aliuangalia ule uti wa katikati, na matawi yanayotoka huku na huku, na namna kila tawi lilivyokuwa na vitawi vyenye umbo lile lile, na kila kitawi na vyake, kama mtu aliyeambiwa neno zuri akawa analirudia kwa sauti ndogo zaidi na zaidi. Mnyama huyo, alisema mwalimu, hakuwa na mdomo, wala macho, wala miguu. Alijishikiza chini ya bahari kwa kitako cha mviringo kama kifungo cha shati, akasimama hapo maisha yake yote, akiyumba na maji na kufyonza chakula kwa ngozi. Hakumfukuza mtu na hakuna aliyemfukuza. Wakati ule duniani hakukuwa na meno.

Sentensi hiyo ya mwisho Hamdia aliiandika daftarini na kuipigia mistari miwili. Dunia nzima, na hakuna meno hata moja. Na hakuna mtu wa kukuuliza mbona umenyamaza.

Siku ya hina ilikuwa Alhamisi, nikaha ikiwa kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Hamdia alianza kazi alfajiri. Adhuhuri hina ilikuwa imekauka, imepakwa maji ya ndimu na sukari, ikakwanguliwa, na rangi iliyobaki mikononi mwa Fahmo ilikuwa nyekundu iliyoiva, ya kumfanya mtu ashike mdomo. Majani marefu yalipanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye viganja, yakiyumba kidogo upande mmoja kama yamepigwa na maji. Kila kidole kilikuwa na jani lake dogo. Fahmo aliiangalia mikono hiyo, akalia, akafutwa machozi na mtu mwingine kwa sababu yeye hakutaka kuigusisha kitu.

Baada ya alasiri wakaja watu wa upande wa bwana harusi, maana ndiyo desturi waje waone mikono ya bibi harusi kabla ya kesho. Wanawake kama arobaini walijaa chini ya turubai kwa Mama Fahmo, jina lake Hoda. Chai ya maziwa ya ngamia ilizunguka, uunsi ukafukizwa. Katikati, kwenye mto mkubwa kuliko yote, alikaa Isnino.

Isnino alikuwa shangazi wa Ridwan, na wote pale walimwita eedo, yaani shangazi, hata waliokuwa rika lake. Alikuwa mrefu, na hata akikaa bado alikuwa mrefu. Malori yalikuwa ya kaka yake Mahamud, lakini ilijulikana kutoka Merti hadi Isiolo kwamba lori la Mahamud haliwashwi kama Isnino hajasema liwashwe.

Alimshika Fahmo mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Mashallah," alisema, na watu arobaini wakapumua. "Hii jani ni ya mti gani?"

"Si ni mkindu, eedo?" mmoja alisema.

"Mkindu gani iko na matawi ndani ya matawi? Hiyo ni unyoya ya mbuni."

"Mimi naona mfupa ya samaki."

"Haki si hiyo ni miraa?" aliuliza Nkirote, jirani Mmeru anayeuza miraa karibu na stendi, ambaye huona miraa katika kila kitu. Walicheka mpaka chai ikamwagika.

"Nyamazeni, aseme mwenye amechora," Isnino alisema. "Hamdia, binti yangu, hii ni jani gani? Nitafute mbegu, nipande kwangu Merti kando ya mto."

Hapo ndipo Hamdia angeweza kunyamaza. Kila mtu alitarajia anyamaze. Mtu angemjibia, kama alivyojibiwa siku zote, ingekuwa mkindu na watu wangekula. Lakini alikuwa amesifiwa mbele ya watu arobaini, na sifa ilimpanda kichwani kama chai ya tangawizi. Akafungua mdomo, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye sufuria nyuma ya turubai:

"Si jani, eedo. Ni mnyama."

Basi hapa ni lazima ielezwe, kwa asiyejua, kwamba katika hina ya watu wetu unachora maua, majani, vikonyo, nukta, hata mwezi na nyota ukitaka. Huchori kitu chenye uhai wa mnyama. Hakuna anayekaa chini kufundishwa hilo, kama vile hakuna anayefundishwa kutovaa viatu kichwani. Hamdia alilijua. Ila wakati wa kuchora alikuwa anafuata umbo, na umbo lilikuwa la jani, na kila aliyepita alisema jani. Haikumpitikia kabisa kwamba kuna siku mtu atauliza na yeye atajibu.

Fahmo aliinyoosha mikono mbele yake, mbali na mwili, kama inayotaka kumng'ata.

"Mnyama gani?" Isnino aliuliza kwa upole, na huo upole ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Wa baharini, eedo. Wa zamani. Walikufa wote."

"Walikufa lini?"

"Miaka milioni mia tano na sitini iliyopita. Hivi."

"Mizoga!" Hoda alipiga yowe. "Amepaka mtoto wangu mizoga!"

"Walichinjwa lakini?" mmoja aliuliza kwa nyuma, akanyamazishwa.

"Kwa hivyo kesho huyu msichana atainua mikono kuomba dua," Isnino alisema, "na mikono iko na wanyama wawili."

Hapa tena Hamdia angeweza kunyamaza.

"Ni kumi na wanne, eedo," alisema. "Saba huku na saba huku. Hao wa kwenye vidole ni watoto wao."

Turubai lililipuka. Mmoja alitaka ndimu, mwingine akamkumbusha kwamba ndimu ndiyo iliyoifanya ikolee. Nkirote aliapa kwamba ana unga wa kusugulia masufuria ambao umewahi kutoa masizi ya miaka mitano, akaondoka mbio kuuleta, akarudishwa getini. Mwingine alishauri wapake piko nyeusi juu yake, mikono yote, mpaka kwenye viwiko.

"Atakaa kama fundi wa injini!" Fahmo alilia, ingawa anayezungumziwa alikuwa yeye.

Isnino aliinua mkono mmoja na kelele zikakoma.

"Hina inatoka siku ngapi?"

"Wiki mbili," Hamdia alinong'ona.

"Basi nikaha ingoje wiki mbili."

Kila mtu alihesabu kwa vidole na kila mtu alifika mahali pamoja. Baada ya siku kumi na moja unaandama mwezi wa Ramadhani. Katika mfungo hakuna harusi. Nikaha ingesogea mpaka baada ya Idd, na kuna kazi ya malori, na kuna midomo ya watu, na uchumba ukishaanza kusogezwa haujui wenyewe utasimama wapi.

"Lakini eedo," Hoda alisema, "ngamia ameshachinjwa."

"Mfanyeni nyirinyiri."

"Ngamia mzima?"

"Nyama ikikaushwa ikakaangwa na mafuta inakaa hata mwaka. Hata Idd kubwa itakuwa bado tamu."

Fahmo aliinuka, akamkamata Hamdia kwa kiwiko, kwa uangalifu, na ncha za vidole tu, akamkokota mpaka nyuma ya tangi la maji.

"Rudi uwaambie ni jani."

"Fahmo..."

"Sema ni jani! Sema ulikuwa unafanya mzaha. Sema jua ilikupiga. Hamdia, miaka yote umekaa kama ukuta, leo ndiyo umepata maneno?"

"Nisamehe."

"Sitaki kusamehe, nataka kuolewa! Ridwan nimemngojea tangu akiwa turnboi wa kupakia lori. Neno moja tu. Ja-ni. Hao wanyama wako wamekufa, hawataskia, hawatakasirika."

Hamdia aliangalia mikono ya rafiki yake. Alifikiria wale viumbe wamesimama gizani huko chini, bila macho, bila neno, wakiitwa jani na kila aliyewaona. Jambo dogo mno la kumharibia mtu harusi. Alilijua hilo. Aliurudisha mtandio wake kichwani, akarudi chini ya turubai, na wanawake arobaini wakamgeukia kwa pamoja.

"Eedo," alisema. "Ile... ni ja..."

Kwikwi ikamkata. Akajaribu tena. "Ni ja..." Kwikwi. Mtu akampa maji. Akanywa, akavuta pumzi.

"Ni mnyama, eedo," alisema, na kwikwi ikakoma hapo hapo.

Fahmo alikaa chini mavumbini na nguo zake za sherehe.

"Tumuulize sheikh," Hamdia akaongeza haraka. "Akisema ni vibaya, nitakuja kwako Merti nikae mpaka Idd nifanye kazi yoyote. Lakini aulizwe."

Sheikh Abdighani ndiye angefungisha nikaha. Siku hiyo alikuwa Garbatulla, mnadani, akiwachagua mbuzi wa kesho kwa niaba ya watu wa Ridwan, kwa maana alisifika kwa elimu ya dini na ya mbuzi. Hoda alipiga simu, akaweka sauti ya nje, akaiweka juu ya kigoda katikati ya mkeka. Kwanza akalia mbuzi, kisha akasikika sheikh.

"Waaleikum salaam. Semeni upesi, nimeshika mmoja hapa."

Isnino alieleza. Alieleza kwa haki, bila kuongeza, na mwishoni kukawa na kimya chenye mbuzi ndani yake.

"Aliyechora yuko hapo?"

Hamdia alisukumwa mbele. Akapiga magoti karibu na kigoda. Hakuwahi kuongea na mwanamume asiye wa nyumbani mbele ya watu wengi hivyo, ila mwanamume mwenyewe alikuwa simu, na simu ilikuwa ndogo kuliko yeye.

"Huyo kiumbe wako, binti. Ana kichwa?"

"Hana, sheikh."

"Macho?"

"Hana."

"Masikio, pua?"

"Hana."

"Mdomo?"

"Hana mdomo."

"Huyo hawezi kusengenya mtu," Nkirote alinong'ona, na mtu akamjibu, "Kama Hamdia," na kicheko kidogo kikapita chini chini.

"Ana meno?"

"Sheikh, kama hana mdomo, meno..."

"Sikuulizi wewe, namuuliza mwenye mbuzi. Lete huyo mwingine. Binti, anatembea?"

"Hatembei. Amesimama mahali pamoja tangu kuzaliwa."

"Ana damu?"

"Hatujui, sheikh. Tumeona alama yake kwenye mawe tu."

"Basi mmejuaje si mmea?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na swali zuri lilimfanya Hamdia asahau kuona haya. Alimweleza kwamba mawe yale yalikuwa tope la bahari yenye kina kirefu, mahali jua halifiki. Jani bila jua haliwezi kujipikia chakula. Kwa hiyo chochote kilichosimama huko chini kwenye giza, hata kikiwa na umbo la jani namna gani, kilikuwa kinakula kwa njia nyingine. Hata mabingwa wa kwanza, alisema, walidhani ni mmea. Walikosea kama sisi wote hapa.

"Subhanallah," sheikh alisema, na alisema kwa sauti ya mtu aliyeacha kumshika mbuzi. "Wa baharini, ulisema. Basi ni halali."

"Sheikh, hakuna mtu anataka kumla!" Hoda alipaza sauti.

"Nasema tu. Sikilizeni. Mimi ninavyoona, picha inayokatazwa roho yake iko kwenye kichwa. Ukiondoa kichwa imebaki kama mti. Huyu hakuondolewa kichwa, hakupewa tangu mwanzo. Mimi nitafungisha nikaha. Lakini kama upande wa bwana harusi mioyo yao haijatulia, hilo ni lao, mimi siwezi kuituliza kwenye simu. Huyu mbuzi ametoroka. Shikeni! Shikeni huyo!" Ikakatika.

Macho yote yakaenda kwa Isnino.

Isnino alikoroga chai yake, ingawa sukari iliyeyuka kitambo.

"Sheikh amesema si haramu," alisema. "Hajasema ni kitu mzuri. Kesho watu wangu watakuja kutoka Garbatulla, kutoka Korbesa, wataniuliza, Isnino, bibi harusi amevaa nini? Nitawaambia nini? Amevaa mnyama sijui kwao, sijui jina? Mtu haingii kwetu bila kujulikana. Iko na jina?"

"Iko, eedo. Wataalamu wanaiita Charnia masoni."

"Masoni ndiyo nini?"

"Ni jina la mvulana. Wa Uingereza. Alikuwa anapanda mawe na wenzake, akaiona ile alama, akamwambia baba yake, na baba akawaambia wasomi. Ndiyo ikapewa jina lake."

"Sawa." Isnino aliinua kikombe. "Mnyama ya Masoni. Angalau iko na mwenyewe."

Na kwa mara ya tatu siku hiyo Hamdia angeweza kunyamaza. Shauri lilikuwa linakaribia kuisha. Fahmo alikuwa anamtazama kwa macho yanayosema nyamaza, nyamaza, nyamaza, nitakupa mtoto wangu wa kwanza umlee, nyamaza tu.

"Lakini si yeye aliyeiona kwanza," Hamdia alisema.

Fahmo aliegemea nguzo ya turubai.

"Aliiona nani?"

"Msichana. Mwaka mmoja kabla yake, eedo. Jiwe lile lile. Alikuwa na miaka kumi na tano. Aliona, akajua si jambo la kawaida, akaenda shuleni akamwambia mwalimu. Mwalimu akamwambia haiwezekani, mawe ya zamani hivyo hayana alama za viumbe. Hata hakwenda kuangalia. Basi msichana akarudi mwenyewe na karatasi, akaiweka juu ya jiwe, akasugua na penseli mpaka umbo likatoka, akaiweka nyumbani. Mwaka uliofuata akapita mvulana."

Kikombe cha Isnino kilikuwa kimesimama njiani, nusu ya safari ya kwenda mdomoni.

"Akapita mvulana," alirudia.

"Ndiyo, eedo."

"Wakamwamini."

"Wakaenda kuangalia."

"Na ikaitwa Masoni."

"Ndiyo."

Isnino alikiweka kikombe chini taratibu sana. Wanawake waliotoka Merti waliangaliana. Walioketi karibu naye walisogeza miguu.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili," Isnino alisema. "Mbuzi yangu ilipotea, hii upande ya Korbesa. Nikafuata nyayo. Nikakuta imechimba mchanga na kwato, na mchanga iko na unyevu. Nikachimba na mikono, hii mikono, mpaka kucha ikatoka. Maji. Mwaka ya kiangazi, watu wanakufa, mimi nimepata maji! Nikakimbia nyumbani nikasema. Baba akasema, mtoto amepigwa na jua. Siku tatu baadaye Mahamud akaenda kujisaidia huko huko, akarudi na kiatu imelowa."

Aliinua mikono hiyo wote waione.

"Mpaka leo," Isnino alisema, "inaitwaje ile kisima?"

"Kisima cha Mahamud," walijibu wa Merti kwa pamoja, kwa sauti ndogo.

"Kisima ya Mahamud! Lori zake zinajaza maji hapo! Kila nikipita mtu ananiambia, eedo, kaka yako alituokoa!"

"Haki wanaume," Nkirote alisema kwa uchungu, na turubai zima likaitikia. Kila mmoja alikuwa na kisima chake. Mmoja alikumbuka njia ya mkato aliyoionyesha yeye na sasa inaitwa kwa jina la shemeji. Mwingine alikuwa na fahali aliyemlea yeye, akasifiwa mumewe. Hoda mwenyewe, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa analilia mizoga, alisimama na kusema kwamba ile dawa ya upele wa ngamia ambayo mumewe anasifiwa nayo mpaka Moyale aliichanganya yeye, jikoni kwake, katika sufuria yake.

Kelele zilipopungua, Isnino alimgeukia Hamdia.

"Huyo msichana anaitwa nani?"

Damu ikampanda Hamdia usoni. Jina la mvulana alilijua kwa sababu liliulizwa kwenye mtihani. La msichana mwalimu alilitaja mara moja tu, akipita, na yeye, yeye aliyewapenda wale wanyama kuliko mtu yeyote Isiolo, hakuwa ameliandika.

"Nimesahau, eedo."

"Umesahau!"

"Halikuwa kwenye mtihani."

"Toka," Isnino alisema. "Kwenda tafuta. Simu yako iko na bando? Mpeeni bando huyu. Usirudi bila jina ya msichana."

Hamdia alitoka mpaka getini, ambako mtandao hushika ukisimama juu ya jiwe. Akasimama juu ya jiwe. Ukurasa ulifunguka polepole, herufi baada ya herufi, na nyuma yake ndani ya uwanja watu arobaini walikuwa wanabishana juu ya visima, na mtoto analia, na mtu ameanza kupiga ngoma kwa sababu amechoka kungoja. Alipolipata jina aliona kwamba akishuka jiwe ukurasa utapotea, na hakujiamini kukumbuka mara ya pili. Kungoja wanyamaze kungechukua mpaka Idd. Basi akageuka pale pale juu ya jiwe, kwenye geti la watu, barabarani, ambako mikokoteni na pikipiki zilikuwa zinapita na mwalimu wake wa zamani wa madrasa alikuwa anapita, akavuta pumzi mpaka kwenye nyayo.

"Anaitwa Tina!" alipiga kelele.

Ngoma ilikoma. Punda wa mkokoteni alisimama.

"Binti ya nani?" sauti ya Isnino ilirudi.

"Hawajaandika! Lakini yuko hapa, wamemwandika! Wamesema ni yeye aliyeona kwanza!"

"Wamesema?"

"Wamesema, eedo! Baadaye walikubali! Walimwita kwenye sherehe!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Nkirote, na cha pili kwa Hoda, kisha haikuwezekana kuhesabu. Hamdia alirudi ndani, na alipopita, Fahmo alimkumbatia kwa mikono yote miwili, wanyama kumi na wanne wakamshika mgongoni.

"Hoda," Isnino alikuwa anasema, "nyirinyiri acha. Ngamia mzima apikwe kesho. Na watu wa Garbatulla wakiuliza, hii ni mnyama ya Tina. Mahamud akiuliza, mwambieni aje aniulize mimi."

Kisha alikunja mkono wa dera lake na kumnyooshea Hamdia kiganja. Kilikuwa kiganja kikubwa, kigumu, chenye mistari kama ardhi ya Merti kabla ya mvua.

"Na mimi nipake. Moja tu, katikati. Mimi ni mtu mzima."

Hamdia alipiga magoti, akakata ncha ya koni mpya kwa meno, akaanza na kile kitako cha mviringo. Akapandisha uti, akatoa matawi, akatoa vitawi kwenye matawi. Eedo Isnino aliinamia mkono wake mwenyewe akifuatilia mstari, na kwa muda mrefu hakusema kitu, na Hamdia hakusema kitu, na ilikuwa raha.

Simu ikalia juu ya kigoda. Ni Sheikh Abdighani, anahema.

"Binti, mbuzi tumemshika. Nimekuwa nikifikiria. Ulisema hana mdomo. Sasa alikuwa anakula vipi?"

"Ngoja kidogo, sheikh," Hamdia alijibu bila kuinua kichwa. "Niko na mtu."

Alimaliza kitawi cha mwisho na kunyanyua koni. Isnino alikiangalia kiganja chake, akakiweka karibu na macho, kisha mbali.

"Huyu anaonekana mpweke," alisema. "Ongeza mwingine hapo kando."